Klorini Bado Haitoshi

Jumatatu, 4 Machi

Ushindi! Mama mkwe amechagua kwetu. Amepasuliwa goti, na daktari ameagiza atembee kila asubuhi ndani ya maji ya kifuani, la sivyo goti litakakamaa likiwa limepinda. Mabwawa ya kuogelea katika familia ni mawili tu: letu na la mume wa shemeji yangu. Huyo namwita Bwana Kioo, maana maji yake yanaonyesha mpaka sindano iliyodondoka chini. Yetu ni ya kijani. Vyura wamejenga humo.

Mke wangu alilia kwa furaha alipokata simu. Hajakaa nyumba moja na mama yake tangu tuoane. Alitaka tumwite fundi wa mabwawa. Nimekataa katakata. Mimi ni mkaguzi wa mizani. Nimewaumbua wauza nyama wa soko zima. Nitashindwa kupima maji?

Mama anafika Ijumaa.

Jumanne, 5 Machi

Nimenunua ndoo ya klorini na kikasha cha kupimia. Kazi nyepesi. Unachota maji ya bwawa kwenye kichupa, unatia kidonge, unatikisa. Yakigeuka rangi ya waridi, klorini ipo. Yakikolea, ni nyingi. Yakibaki meupe, hakuna kitu. Nikamwaga kidogo, nikapima. Waridi hafifu. Kitabu cha maelezo kinasema hapo ndipo pa kusimama. Nani alishinda kwa kusimama? Nikamwaga nusu ndoo.

Vyura wamehama wote kabla ya magharibi.

Jumatano, 6 Machi

Maji ya buluu! Vigae vya chini vinaonekana. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie kipimo. Meupe pe. Klorini hakuna hata chembe! Imeliwa na nani? Nikaongeza, nikapima tena. Waridi liliwaka kidogo, likazimika papo hapo. Mke wangu akauliza kama hilo si jambo la kushangaza. Nikamweleza kwamba vipimo vipya huwa na aibu. Nikaongeza tena.

Alhamisi, 7 Machi

Ndoo ya pili. Bado meupe. Muuza dawa ameniuzia chaki, sina shaka. Suruali yangu ya kazini imepata madoa meupe kila iliporukiwa na maji. Kitambaa cha ovyo kabisa. Macho yananiwasha tangu asubuhi; vumbi, nadhani.

Mke wangu amefunga madirisha yote ya upande wa bwawa. Akasema, kwa upole, kwamba muda wa kumwita fundi bado upo. Nikanuna mpaka chakula cha jioni. Kusema kweli niliogopa. Nilikuwa nauwaza uso wake siku mama yake atakapogundua kwamba nimeshindwa.

Jumamosi, 9 Machi

Mama alifika jana, fimbo mkono mmoja, mkono wa pili begani kwa binti yake. Walicheka jikoni jioni nzima. Sikujua kwamba mke wangu ana kicheko cha namna ile. Nikakaa sebuleni nikiwasikiliza, nikajiona tajiri.

Asubuhi mama akatoka na vazi lake la kuogelea. Bwana Kioo naye huyo, eti amepita kusalimia. Akainama, akanusa, akanyoosha mkono kumzuia mama kabla hajakanyaga ngazi. Kisha akaomba kichupa changu. Akatia matone machache ya maji ya bwawa, akajaza maji ya bomba, akatupia kidonge. Zambarau!

“Klorini haijakosekana, kaka,” akasema. “Imezidi mpaka inaifuta rangi ya kipimo chenyewe.”

Akasema dawa yake ni kuliacha bwawa wazi na kutogusa kitu. Jua litaila klorini lenyewe, siku si nyingi. Lakini goti halisubiri. Mchana mama amehamia kwa Bwana Kioo. Mke wangu alimfungia mizigo, akaibeba mwenyewe mpaka nje. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 10 Machi

Nyumba imepoa. Nimetafakari sana. Kuliacha bwawa hivi hivi ni tabia ya mtu mvivu. Nimelifunika lote kwa turubai, majani makavu yasiingie. Jua linapiga vizuri sana juu ya turubai.

Jumatano, 13 Machi

Nimepima kwa mtindo wa Bwana Kioo. Zambarau ile ile! Jua la siku hizi halina nguvu.

Mke wangu alitoka, akaitazama turubai, akanitazama mimi. Akaanza kufungua fundo moja moja. Nikamsaidia upande wa pili. Tulipomaliza kuikunja ndipo aliposema:

“Mama hakuja kutazama maji, mume wangu. Alikuja kukaa na mimi.”

Niliona haya. Nimekaa ukingoni mpaka jua likazama, mikono mapajani. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo ya kutofanya kitu.

Jumatatu, 18 Machi

Mama amerudi! Maji safi, waridi hafifu, sawasawa na kitabu. Goti linaanza kukunjuka, ila ngazi bado zinamshinda. Kuingia tu, mke wangu alimshika mikono yote miwili. Mama akaniomba niache vichupa nikae naye tupige soga. Nikakaa. Huku akitembea polepole majini, akanisimulia jinsi mke wangu alivyokuwa akijificha uvunguni kila ikifika saa ya kuoga. Tulicheka mpaka machozi. Roho yangu ikatulia. Nikajiambia: hapa ndipo penyewe, usiguse kitu.

Kisha nikayatazama maji. Yalikuwa mazuri. Na kama ni mazuri hivi kwa klorini kiduchu tu, je, ikiongezeka kidogo?

Nikaenda stoo, nikarudi na ndoo. Mama aliponiona akakatiza hadithi katikati. Akalivuka bwawa, akapanda ngazi zote peke yake, bila fimbo, bila kushikwa, akafika barazani kabla sijafungua hata kifuniko.

Goti limepona! Daktari alisema itachukua miezi. Halafu kuna watu wanadai sijui kutibu maji.