Malalamiko Kuhusu Pikapu Iliyoacha Kutoa Moshi

Nunguni,
Jumatatu asubuhi

Kwa fundi Abdisamad, Kiboko.

Ndugu yangu, nakusalimu katika jina la Mungu aliye juu. Afya yako ikoje? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukilala chini ya magari? Mama Leyla naye hajambo? Sisi huku tuko wazima, ni baridi tu na ukungu.

Nakuandikia kwa uchungu lakini bila hasira. Pikapu yangu uliitengeneza vizuri kupita kiasi, na sasa sina amani.

1. Kabla sijakuletea, nikiiwasha asubuhi ilitoa moshi mweusi mpaka kuku wanahama. Ulinieleza kwa upole: injini ya zamani ikiwa baridi inataka petroli nyingi na hewa kidogo, kwa hivyo choki, kile kilango cha hewa, inajifunga. Halafu kuna bomba la kuleta hewa moto kutoka kando ya ekzosti, injini ipate joto upesi, na choki ijifungue yenyewe. Mafundi wa huku walikuwa wameng'oa hilo bomba na kuifunga choki na waya isifunguke tena. Wewe ukarudisha kila kitu. Hapo ndipo uliponikosea.

2. Mama mkwe wangu, Mbula, anaishi na sisi. Kila Jumapili akiona ule moshi alifunika pua na leso, akatangulia kanisani kwa miguu. Sasa hakuna moshi. Anafungua mlango wa mbele, anakaa. Mke wangu Kanyiva huwa ameondoka mapema na kwaya, kwa hivyo tunabaki wawili. Ndugu, sisi Wakamba tuna nthoni: mwanamume na mama mkwe hawakaribiani, hata mkono hawapeani. Na kiti cha pikapu unakijua, ni kimoja.

3. Gia ya pili inarudi nyuma mpaka kwa goti lake. Kwa hivyo naendesha na gia ya kwanza kutoka nyumbani hadi kanisani, kichwa kikiwa nje ya dirisha. Jana tulipitwa na mzee Nthiwa na punda wake. Akanipungia mkono! Mahubiri nayo yakawa juu ya subira, kanisa lote likageuka kuniangalia.

4. Kumpakia nyuma siwezi. Yeye si mbuzi wa soko. Alinipa mke.

5. Ombi langu basi. Moshi wa kila siku usiurudishe, hiyo ni dhambi kwa majirani. Lakini kama choki inahisi baridi na kujifunga bila kuambiwa na mtu, itashindwaje kuhisi mama mkwe? Nitengenezee ya kutoa moshi Jumapili tu, mlango wa kushoto ukifunguliwa. Wazee wenzangu wa kanisa nao wanaitaka. Mchungaji pia ameuliza, kwa siri.

Nisalimie Mama Leyla, watoto, na wote wa hapo gereji. Tunawaombea.

Ndimi ndugu yako,
Mwau, mzee wa kanisa.

Nyongeza: Ndugu, usiguse kitu! Kabla sijafunga bahasha, mama mkwe amepandisha kiti cha plastiki nyuma ya pikapu, akakaa akiwa amenipa mgongo, anaimba. Amemwambia Kanyiva kwamba siku zote alitaka kukaa huko, ila moshi wa ekzosti ungemmaliza, na huko mbele alikuwa akingoja aone kama kweli umeisha. Kumbe mbele alikuwa anateseka kuliko mimi! Amesema Mungu akubariki sana. Sasa anataka nimpeleke Matiliku kwa dada yake, na barabara ina kona. Hicho kiti kinafungwaje kisianguke? Tafadhali nijibu upesi, ameshakaa.