Rufaa Yangu Kuhusu Maji ya Anyesi

Mzee Meshack,
Mwenyekiti, Kamati ya Mfereji.

Shikamoo Mzee. Natumaini mguu umepata nafuu.

Nimepokea uamuzi wa kamati kwamba Jumamosi hii, siku ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kusafisha mfereji, nisimame mbele ya watu na majembe yao niseme: "Mimi Sifaeli niliiba maji ya Anyesi, naomba radhi." Kwa heshima zote, siwezi. Mimi ni mtu wa mantiki. Cheti changu cha semina ya siku nne ya Fikra Sahihi, niliyohudhuria mjini Sekei, kinaning'inia sebuleni juu ya televisheni, na wajumbe wako wawili wamekiona walipokuja kunywa chai. Mtu anayefikiri sawasawa hawezi kutenda vibaya. Mimi nafikiri sawasawa. Malizia mwenyewe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikuchukua maji. Nilitoa kipande cha mgomba kilichoziba njia ya maji ya kuja shambani kwangu, na mgomba huo ni wangu, niliukata mwenyewe. Baada ya hapo maji yalikwenda yalikotaka. Kama kuna wa kuhojiwa, ni mteremko wa Meru.

2. Ni kweli Jumanne ilikuwa zamu ya Anyesi kumwagilia. Lakini Anyesi alikuwa Kikatiti, kumzika dada yake. Asiyekuwepo hamwagilii, na zamu isiyomwagilia kitu si zamu. Mnasema nilimwahidi kumlindia maji yasipotee. Niliahidi, na hata tone moja halikupotea. Yote yako kwangu.

3. Miche yake ya kabichi imekauka, jambo linalonisikitisha. Ila Anyesi mwenyewe hajanilaumu. Amepita hapa mara mbili, amesalimia, ameendelea na safari yake. Aliyeibiwa hupiga kelele. Kwa hiyo hakuibiwa.

4. Shahidi wenu mkuu ni mke wangu Prisca, mtu asiyewahi kukanyaga semina. Hoja yake yote mbele ya kamati ilikuwa neno moja: "Kaiba." Hakuna hatua ya kwanza, hakuna ya pili, nanyi mkaitikia kwa vichwa! Nyumbani hali ni hiyo hiyo. Namweleza kwa saa nzima, anasikiliza mpaka mwisho, kisha anang'oa miche yangu kumi na kumpelekea Anyesi. Inaniuma sana, maana hapo hanipi hata hoja ya kujibu.

5. Sasa, kama mimi sina kosa, mwenye kosa ni Anyesi, aliyemwacha mtu mwadilifu peke yake na mfereji uliojaa. Nashauri Jumamosi asimame yeye. Sitadai radhi ndefu.

Mwisho, naomba kuanzia sasa wenye vyeti tuhukumiwe na wenye vyeti wenzetu. Kwa hapa kijijini niko peke yangu, lakini niko tayari kujitolea.

Nisalimie mama, wajukuu na wajumbe wote, hata Nkasiogi aliyecheka nilipokuwa najitetea.

Wako katika fikra sahihi,
Sifaeli

Baada ya sahihi: Barua hii imechelewa kwa sababu jana niliipeleka mjini ikapigwe chapa. Nilimwachia jirani yangu Lemomo aniangalizie ng'ombe. Kurudi, chuchu zimekauka na ndoo tupu. Lemomo anasema hakuchukua maziwa, alimpunguzia mnyama uzito. Anasema mimi sikuwepo, na maziwa ya asiyekuwepo hayana mwenyewe. Anasema hakuna tone lililomwagika, watoto wake wamekunywa yote. Hoja hizi nilimfundisha mwenyewe wiki iliyopita, hapa hapa kibarazani. Nimezipitia moja moja nikitafuta kosa, sijaliona. Mwizi mkubwa yule! Nilimsimulia Prisca kwa hasira. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno lake lile lile: "Kaiba."

Jumamosi tutasimama wote wawili, Lemomo na mimi. Nitaanza mimi.