Nilivyotema Baga Mbele ya Baba Mkwe

Leo nimejiaibisha ukweni, tena kitaalamu. Nawaandikia mapema kabla mchumba wangu Kabula hajawasimulia kwa namna yake.

Mnajua mimi ni mhudumu wa gesti hapa Bariadi. Mnajua pia (nimeshawaambia mara nyingi, mtanivumilia) kwamba mwaka huu tulikaa miezi mitatu na Mreno mmoja, fundi wa mashine za kuchambulia pamba. Kila Jumapili alinifundisha kuonja mvinyo wa kwao. Siyo ile mitamu inayojulikana dunia nzima. Yeye alipenda zabibu za vijijini ambazo hata Wareno wengine hawazijui: Bical, Rabigato, na ile aliyoiheshimu kuliko zote, Baga. Nikaiva. Nasema hivyo bila kujisifu (najisifu kidogo). Alipoondoka aliniachia chupa mbili.

Leo ilikuwa siku ya kwenda Zagayu kwa kina Kabula, baba yake anitazame aseme ndiyo au hapana. Nikabeba Baga, glasi moja ya gesti, na kikombe cha plastiki.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Hicho ni nini?"

"Mvinyo wa Ureno. Nimekuletea."

Mzee Masanja akaigeuza chupa, akanirudishia. "Anza wewe."

Kwetu aliyeleta kinywaji ndiye anayekianza, watu waone hakina kitu ndani. Nimezaliwa Migato, hilo nalijua tangu mtoto. Lakini nilikuwa na glasi mkononi, ukoo mzima unanitazama, kichwa kikavimba.

Nikamimina kidogo. Nikaizungusha. Nikanusa macho yamefumbwa.

"Nasikia zambarau," nikasema. "Nasikia udongo wa mbugani ukipata mvua ya kwanza. Na tumbaku, kwa mbali."

Baba mdogo wa Kabula akaanza kunusa hewa, naye anaitafuta hiyo tumbaku. Nikapiga funda, nikalisukutua kushoto na kulia kwa sauti. Baga ni chachu, inakaza ulimi kama ndizi mbichi, ila ukiivumilia inafunguka. Ilifunguka. Ilikuwa nzuri sana.

Kisha nikaitema yote kwenye kikombe.

(Wataalamu hawamezi. Mreno alisisitiza.)

Mama mkwe akawaita wajukuu ndani. Baba mdogo akainama, akakichungulia kikombe changu.

"Kaka," akamwambia Mzee, "huyu kaja na kikombe cha kutemea kabisa. Alijipanga."

Hapo ndipo akili iliponirudia. Nimewaletea wakwe kinywaji, nimeambiwa niwaonyeshe ni salama, nikakitema.

"Baba, ndivyo wanavyoonja. Ukimeza huwezi kuendelea na kazi."

"Kwa hiyo ukimeza kuna kitu kinakupata," Mzee akasema.

Kabula alikuwa mlangoni, kajishika kichwa. Nikaona mke huyo anaondoka, na nampenda kweli, sitanii.

"Nimeze, baba?"

"Meza. Yote."

Nikameza glasi ya kwanza. Mzee akanyoosha kidole kwenye chupa. Nikameza ya pili, huku naendelea na somo, maana mimi si mtu wa kuacha kipindi katikati. Jua kali, tumbo tupu. Kufika glasi ya nne nilikuwa namweleza beberu wa mbuzi wao tofauti ya Baga na Rabigato (Kabula anasema beberu alisikiliza vizuri). Chupa ilipokwisha nikalala palepale, kwenye jamvi la kuanikia mahindi, mdomo wazi, viatu miguuni.

Nimeamka jioni hii. Nimefunikwa kanga ya mama mkwe, na hapo hata kuomba radhi sijui naanzia wapi. Mzee alikuwa kwenye kigoda pembeni yangu, hajaondoka.

"Umeamka mzima?"

"Mzima, baba."

"Basi hakikuwa na kitu." Akaiinua chupa, akaigeuza juu chini. Halikudondoka hata tone. "Kabula tumekupa. Lakini sisi tumeonja nini?"

Jumapili narudi na Bical. Nitameza funda la kwanza mbele ya kila mtu. Kile kikombe sirudi nacho, mama mkwe ameshawawekea vifaranga maji humo. Na ninyi mnaocheka, nawasubiri siku mtakapokwenda ukweni na utaalamu wenu.