Kimbunga Bila Muhuri

Serikali inayo furaha kuwatangazia wananchi wote kwamba kimbunga kilichoko baharini kiko chini ya uangalizi madhubuti, kwamba taratibu zote zinafuatwa, na kwamba hakitaruhusiwa kufika nchi kavu kabla ya kuidhinishwa na mamlaka husika. Wananchi tulieni.

Maneno hayo ni yangu. Niliyatunga mwenyewe, nikayasoma redioni kwa sauti yangu nzito, na mpaka leo sioni kosa ndani yake. Mimi ndiye Msemaji Mkuu wa Mamlaka ya Uangalizi wa Vimbunga. Mtaani wananiita Bwana Tulieni, jina ambalo mke wangu anadai ni la dharau lakini mimi najua ni la mapenzi.

Kwa faida ya wasiojua mambo ya kitaalamu, nieleze jinsi kimbunga kinavyoangaliwa. Huko juu angani kuna setilaiti. Kazi yake ni kupiga picha za bahari na kututumia bila kuomba ruhusa ya mtu, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Picha ikitua tu kwenye kompyuta tunaiita picha mbichi. Picha mbichi ni kama maharage mabichi: umma ukiila, utaharisha. Lazima iive kwanza, na kuiva kwake ni kupita kwenye meza tano. Masjala wanaipokea. Watu wa itifaki wanaangalia rangi, maana nyekundu inatia hofu, kwa hiyo kimbunga hupakwa kijani, rangi ya maendeleo. Mwanasheria anachunguza kama wingu ni letu au la jirani. Mkurugenzi anagonga muhuri. Mheshimiwa Waziri anasaini akipata nafasi. Hapo sasa picha inakuwa rasmi, na inaonyeshwa kwenye skrini kubwa ya ukumbini, chini ya kaulimbiu niliyoibuni mimi: JAMBO LISILOKUWEMO KWENYE PICHA RASMI HALIJATOKEA.

Wapo wanaolalamika kwamba picha inapofika kwenye skrini, kimbunga chenyewe kinakuwa kimeshahama. Huo ni utovu wa nidhamu wa kimbunga, si wa Mamlaka.

Jumatatu ya wiki ninayoizungumzia, Mama Picha aliingia ofisini kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi. Huyu ndiye mtaalamu wetu wa kusoma picha za setilaiti. Kisomo anacho, tena cha ng'ambo, ila ulimi wake ni pilipili kichaa.

"Mkurugenzi, kimegeuka," alisema akitupa karatasi mezani. "Kinakuja huku."

Mkurugenzi alivaa miwani, akainama. Katikati ya bahari kulikuwa na duara jeupe lililojiviringa, na kitundu cheusi katikati yake.

"Mbona hii imeshagongwa muhuri?" akafoka. "Nani kagusa muhuri wangu?"

"Huo si muhuri, Mkurugenzi. Hilo ni jicho la kimbunga."

"Jicho? Linamwangalia nani?"

"Sisi."

Mkurugenzi akaegemea kiti. Ni mtu wa kufikiri kabla ya kusema, na akishasema huwa anaendelea kufikiri. "Yaani badala ya sisi kukiangalia, kinatuangalia chenyewe? Huko ni kuingilia majukumu ya Mamlaka. Peleka masjala."

"Itakapotoka masjala, kitakuwa kimeshaingia sebuleni kwako!"

"Kitapokelewa. Hatujawahi kumfukuza mgeni aliyefuata utaratibu."

Mama Picha alinigeukia mimi, akitegemea labda nitatia neno. Nikatia. Nikamkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka.

Ni vizuri msomaji aelewe kwamba Mkurugenzi hakuwa mjinga. Jumamosi ya wiki hiyohiyo, Mheshimiwa Waziri alikuwa azindue makao makuu mapya ya Mamlaka, jengo zuri la ghorofa moja lililojengwa ufukweni kabisa, ili wataalamu wawe karibu na kazi yao. Kadi zilishasambazwa. Bendi ilishalipwa. Nilipompigia Mheshimiwa kumpa taarifa, aliniuliza swali moja tu: "Kwa mujibu wa picha rasmi, kimbunga kiko wapi?"

"Mbali, Mheshimiwa. Kama kimelala."

"Basi kilale mpaka Jumatatu ijayo," alisema. Nikaliandika hilo kama agizo.

Kuanzia siku hiyo Mama Picha alibadilika, na mimi nilifurahi sana. Kanuni zetu zinakataza kurusha picha mbichi kwenye simu, redioni au popote pale, na zinaagiza kwamba nakala zisizohitajika zitupwe. Mama Picha alianza kuzitupa kwa bidii ya ajabu. Alichapa picha mpya asubuhi, rundo zima, akalibeba mwenyewe mpaka jalalani. Mchana akachapa tena, akatupa tena. Nilimpongeza mbele ya wenzake kwa kupenda usafi.

Karatasi hizo zilichukuliwa na muuza karanga anayekaa nje ya geti letu, akawa anazikunja pembe za kufungia karanga. Mtaa wetu wa bondeni ulianza kula karanga kama hauna akili nzuri. Mtu ananunua, anamimina karanga mfukoni, halafu anaikunjua karatasi na kuisoma kama barua ya posa. Kwa kinyozi walibandika karatasi ukutani moja baada ya nyingine, tangu ile ya Jumatatu, na watu wakawa wanasimama hapo na mapovu ya sabuni mashavuni, wakinyoosheana vidole. Duara lilikuwa likikua kila karatasi. Nilipita, nikawasalimia, nikaendelea na safari. Kubandika karatasi kwa kinyozi si kosa kisheria.

Ijumaa jioni niliporudi nyumbani nilimkuta mke wangu anafunga godoro kwa kamba.

"Baba watoto, nijibu kama mume, usinijibu kama redio," alisema. "Tuhame au tusihame?"

"Mamlaka inaendelea kufuatilia kwa karibu..."

"Mama!" akaita. "Ameanza!"

Mama mkwe akatoka chumbani. Yeye ndiye mwenyekiti wa mtaa wetu, na ndiye mtu pekee duniani ambaye mbele yake kaulimbiu zangu huwa zinanikauka kooni. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akaketi, akanitaka na mimi niketi.

"Mkwe wangu," alisema kwa upole, na upole wake ndio ninaouogopa. "Hapa bondeni kuna wagonjwa, kuna wajawazito, kuna watoto wako mwenyewe. Kimbunga kinakuja au hakiji?"

"Mama, kwenye picha rasmi hakuna kimbunga karibu yetu." Nikaiweka mezani mbele yake.

"Hiyo picha ni ya lini?"

"Ni picha iliyoiva."

"Chakula kilichoiva juzi kinaitwaje?"

"Kiporo," nikasema.

"Haya. Na kile mlichoandika pale ofisini kwenu, hebu nikumbushe."

Nikamtajia kaulimbiu, neno kwa neno. Akaniomba nirudie. Nikarudia, nikiwa na fahari kwamba hatimaye mama mkwe anapendezwa na kazi yangu. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeweka kitu kabatini, akainuka kwenda kugonga milango ya majirani.

Kesho yake kulipopambazuka mtaa mzima ulikuwa unapanda kwenda shule ya mlimani. Fundi seremala alivuta boti yake kwenye mkokoteni. Mke wangu alichukua watoto, godoro, redio na hata paka. Pale mlangoni alinishika mkono. "Twende, jamani. Nakuomba."

Nilitamani kwenda, sitaficha. Mkono wake ulikuwa wa moto na wingu lilikuwa jeusi. Lakini ningeondokaje kukimbia kitu ambacho nilishatangaza kwamba hakipo? Nikarekebisha tai, nikaelekea ufukweni.

Uzinduzi ulifana. Viti vya wageni waalikwa vilijaa viongozi. Viti vya wananchi vilikuwa vitupu, jambo tulilolichukulia kama ishara ya utulivu. Mama Picha hakuwepo. Alikuwa ameomba likizo kwa sababu ya kimbunga, akakataliwa kwa kuwa sababu haikuwepo kwenye skrini, akaenda hivyo hivyo. Bendi ilipiga, ingawa upepo ulikuwa ukimpokonya mpiga tarumbeta nyimbo kabla hazijafika kwetu. Mheshimiwa alisimama kuhutubia. Alipofika kwenye maneno "teknolojia ya kisasa", turubai liling'oka likaondoka na nguzo zake, na baada yake ikaondoka hotuba.

"Bwana Msemaji," alinong'ona, "hiki ni nini?"

"Ni upepo mchangamfu, Mheshimiwa."

Bahari nayo ikaingia. Haikupita getini, haikuonyesha kadi. Ilipanda ngazi, ikafungua mlango wa vioo ambao utepe wake ulikuwa bado haujakatwa, ikaketi kwenye viti vya mbele. Sisi tukapanda juu: Mheshimiwa, Mkurugenzi, mwanasheria, mkuu wa itifaki, mkuu wa masjala na mimi, mpaka juu ya paa, tukashikana mikono kwenye mlingoti wa dishi la setilaiti. Mvua ilikuwa inachapa kama fimbo. Mkurugenzi alikuwa ameacha miwani na viatu, lakini muhuri alikuwa nao. Chini, kupitia kidirisha cha paa, skrini kubwa, iliyohamishiwa huku kwa ajili ya uzinduzi, ilikuwa bado inawaka, ikionyesha bahari shwari na kijiduara cha kijani mbali, mbali kabisa. Kisha nayo ikazimika.

Niliogopa. Nasema kweli. Simu yangu ilikuwa imebaki na mstari mmoja wa chaji. Nikampigia mama mkwe.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mkwe. Mbona unapiga kelele?"

"Mama, tuko juu ya paa! Maji yanakuja! Tuleteeni boti!"

"Maji gani?"

"Ya bahari! Kimbunga kimefika!"

"Ngoja nivae miwani," alisema, na nikasikia karatasi ikikunjuliwa taratibu, taratibu kabisa. "Hapa ninayo picha yenu rasmi, ile uliyoiacha mezani. Ina saini, ina muhuri. Kimbunga kiko mbali, tena cha kijani. Hapo ulipo, mkwe wangu, ni pakavu."

"Mama, nimelowa chapachapa!"

"Kumbe jambo lisilokuwemo kwenye picha rasmi linatokea?"

Ilikuwa hoja imara, na niliijenga kwa mikono yangu.

Mheshimiwa akaninyang'anya simu, nami nikasogeza sikio karibu. "Mama, unaongea na Waziri!"

"Karibu sana, Mheshimiwa. Hayo mafuriko yameidhinishwa?"

"Nayaidhinisha! Sasa hivi!"

"Hapana, baba, usiruke meza. Ianze masjala."

Mheshimiwa akatugeukia macho yakiwa yamemtoka. Naomba kumbukumbu zionyeshe kwamba watumishi wa umma hawakumwangusha. Mkuu wa masjala alipiga kelele, "Nimepokea!" Wa itifaki akasema kimbunga kiwe chekundu, chekundu kama damu, hana pingamizi. Mwanasheria akala kiapo kwamba wingu ni letu, lote, la jirani halimo hata tone. Kwa kuwa picha hatukuwa nayo, Mkurugenzi aligonga muhuri kwenye shati la Mheshimiwa, kifuani, na Mheshimiwa akasaini hewani kwa kidole. Meza zote tano zilimalizika kabla wimbi jingine halijafika.

"Tayari!" Mheshimiwa akalia kwenye simu. "Imepita kote! Leteni boti!"

Huko mlimani nilisikia watoto wakicheka, na watu wakitafuna. Karanga, bila shaka.

"Boti ilishatoka zamani, Mheshimiwa," mama mkwe alisema. "Hata kabla hamjapiga simu. Binti yangu yumo humo, kambebea mumewe blanketi. Mimi nilitaka tu kujua kama meza zote zinaweza kupitwa haraka hivi."

Akaongeza neno moja la mwisho, na hapo simu ikaisha chaji. Mheshimiwa alibaki ameishikilia sikioni, wino wa muhuri ukimtiririka kifuani. Nje ya hapo hapakuwa na kitu ila maji na giza la mvua, na boti hatukuiona.

"Kabla haijakatika kasemaje?" aliniuliza. "Mimi nilisikia kama ametoa maelekezo."

Na mimi nilikuwa nimeyasikia. Nikakohoa kidogo, nikayasoma kwa sauti yangu nzito.

"Amesema tutulie, Mheshimiwa."

Akanishika kola kwa mikono miwili. Meno yalikuwa yanamgongana.

"Tutulie mpaka lini?"