Blanketi Ndani ya Ngoma Kubwa

Jumatatu, 3 Juni
Nina hasira! Miaka minne nimo kwenye bendi ya kiwanda hiki cha sabuni, na leo, katika kugawa ala za sherehe ya Jumamosi, nimepewa chuma cha pembe tatu. Kachuma! Ngoma kubwa kapewa nani? Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi mitambo. Kiongozi wa bendi akatueleza upya, kama watoto, kwamba kila kinachopigwa hulia kwa sababu kinatetemeka. Ngoma, ngozi hutetemeka na kusukuma hewa iliyo ndani. Kayamba, mbegu hugonga kuta. Chuma changu hutetemeka chenyewe, ndiyo maana huning'inizwa kwa uzi. Najua! Nikakikamata mkononi, nikagonga. Kikatoa "tk". Shemeji alicheka mpaka akakaa chini.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata dawa yake. Hewa ndiyo inayovuma? Basi ikose nafasi. Ngoma ikifa atashushwa, na anayefuata kwa ukongwe ni mimi. Juu ya kabati kuna blanketi zito ambalo mama mkwe alimpa mke wangu. Halitumiki ila kwa wageni. Saa ya chakula, wote wako kantini, nimelisokomeza lote kupitia tundu la mbele ya ngoma. Nimerudi ghalani ninakofanya kazi, nimecheka peke yangu.

Jumatano, 5 Juni
Mungu wangu! Mwangwi umekufa, kama nilivyopanga. Kiongozi akafumba macho, akasema siku zote ngoma hiyo ilinguruma kama tangi tupu, leo kila pigo linasikika safi. Akamuuliza Shemeji amefanya nini. Yule mtu, bila hata chembe ya haya, akajibu ni mazoezi tu. Mazoezi! Nimegonga kachuma kwa hasira hadi nikaambiwa nitoke nje nikapunge upepo.

Alhamisi, 6 Juni
Mama mkwe anakuja kesho kutwa. Mke wangu anatafuta blanketi. Nimesema labda panya. Akauliza ni panya gani anayebeba blanketi zima asiache hata uzi. Nikamkasirikia kwa kunihoji. Nimekwenda kulitoa. Shemeji yuko pale anaifuta ngoma kwa kitambaa, anaibembeleza, hatoki hata kwenda chooni!

Ijumaa, 7 Juni
Kiongozi kamtangaza Shemeji kuwa naibu wake. Makofi. Nikashindwa kuvumilia! Nikasimama, nikasema sifa hizo ni zangu, nikatumbukiza mkono tunduni na kuvuta blanketi lote mbele ya watu. Kisha kiongozi akasema kumbe kuna mtu anayeijua sauti, kesho ngoma kubwa apige yeye. Mimi! Shemeji kapewa chuma. Ila macho yake yalikuwa kwenye blanketi. Ni la mama yake. Kabla sijamaliza kutabasamu alikwishampigia dada yake simu, na blanketi akalibeba yeye mwenyewe hadi nyumbani kwangu. Mke wangu amelitandika chumba cha wageni.

Jumamosi, 8 Juni
Bila blanketi, ngoma inanguruma. Kiongozi akaninong'oneza nipige kwa wepesi, mkwiro, kile kijiti cha kupigia, uguse ngozi na kuondoka, nisiikandamize. Najua! Lakini Shemeji kaning'iniza kale kachuma, anagusa kidogo tu, ting, tamu, na mama mkwe mstari wa mbele anatikisa kichwa kwa raha. Damu ikanichemka. Nikapiga. Nikazidi kupiga. Paa! Mkono ukazama ngomani hadi kwenye kiwiko. Shemeji akaumaliza wimbo kwa chuma peke yake, watu wakasimama kumshangilia. Mke wangu akaniambia ngoma ikivuma sana hupasuka. Ukoo mzima wa aina moja!

Jumapili, 9 Juni
Jumanne ngoma inavishwa ngozi mpya, inarudi kwa Shemeji. Mimi nimepewa kayamba. Nimetulia, nimetafakari, nimejikosoa bila kujihurumia, na nimeliona kosa langu. Blanketi lilikuwa dogo. Linanyonya mwangwi, haliui sauti. Kinachotakiwa ni godoro. Lile la chumba cha wageni linafaa, nimelipima kwa macho nikiwa mlangoni. Mkasi ninao. Nangoja tu mama mkwe aamke, maana amelilalia.