Gari la Kuvuta Tela Hadi Juu

Dalali aliyeitwa Ulimi Laini alipomwona seremala mstaafu na mkewe wakigongagonga matairi katika yadi za kuuzia magari, moja baada ya nyingine, alijua riziki imejileta yenyewe. Siku hiyo alikuwa na gari la kulala ndani, lenye kitanda, jiko, sinki na injini mahututi. Lilikuwa la mama mkwe wake. Asubuhi alilichukua akidai analipeleka kuoshwa, na asiporudi nalo, au na pesa za kumtuliza bibi yule, basi ndoa yake imekwisha.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Mnatafuta nini?"

"Marahaba. Gari kama hili," mzee akasema, "ila liweze kuvuta tela. Tela zito, kijana. Mashine zangu zote zimo."

"Kuvuta? Mzee, hili ukilifunga kwenye ghorofa, ghorofa linahama!"

"Kila yadi wanasema hivyohivyo," mama akamkatiza. "Maneno hayavuti tela, mwanangu. Tufunge tela letu, utuendeshe mpaka kiwanjani kwetu, kule juu."

Hapo, ndugu msomaji, tapeli mwenye akili huaga. Lakini tamaa mbele, mauti nyuma. Ulimi Laini alikwisha kumimina oili nzito kuficha kelele za injini, akajiambia kilima chenyewe si kirefu.

Mlima ulipoanza, injini ikaanza kuguna. Yeye akapandisha sauti, akalisifu gari mpaka koo likamkauka.

"Mbona kunanuka?" mama akauliza.

"Harufu ya nguvu hiyo, mama!"

Walipofika tambarare ya kiwanjani, gari likatoa mshindo mmoja, moshi ukafuka, likazimika. Ulimi Laini akashuka jasho likimtiririka, tayari kuapa kwa kila kiapo. Hakuna aliyemuuliza. Mzee alikuwa akisukumiza matofali chini ya gari, na mama akiunga mpira wa bomba kwenye sinki.

"Mama, unafanya nini?"

"Nahamia."

"Lakini gari limekufa!"

"Tumeona. La jana lilifia katikati ya mlima, la juzi hata getini halikutoka. Lako limefika, na sisi hatuna safari nyingine. Ndilo tulilochagua."

"Basi nilipeni!"

"Tunakulipa," mzee akasema kwa upole. "Gari lisilotembea, bei yake ya chuma chakavu. Ukiona ndogo, washa uondoke nalo."

Ulimi Laini akautazama mteremko, akalitazama gari, akapokea pesa. Kisha akaketi kwenye ngazi ya mlango kutafuta la kumwambia mama mkwe. Akatafuta, akatafuta. Mtu aliyekula kwa uongo tangu ujana wake, leo alikosa hata mmoja! Machozi yakamtoka kweli.

Mama akamwonea huruma, akamletea glasi ya maji kutoka kwenye sinki.

"Pole, mwanangu," akasema. "Karibu kwetu."