Tembo Mmoja Nyuma ya Custom

Idara ya Ramani na Nafasi Tupu ina furaha kutangaza kwamba Juba yote sasa imo kwenye ramani. Tulifuata utaratibu wa Wazungu wa zamani: mahali pa bara letu wasipopajua, walichora tembo. Ni utaratibu safi, hauli petroli. Basi popote ambapo afisa wetu hajafika na kamba ya kupimia, tumemlaza tembo. Mmoja, mkubwa, mwenye afya.

Mimi ni naibu mkurugenzi, nina diploma na watoto wanne, kwa hiyo sishangai ovyo.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Namutebi, Mganda mwenye mgahawa nyuma ya soko la Custom. Alikuja kuongeza muda wa leseni.

"Pale pako ni tumbo la tembo," alimweleza mkurugenzi wetu, Mudir Pitia, kwa upole. "Tembo hapewi leseni ya chakula. Hama kabla ya Ijumaa."

"Mudir, hii matoke naletea wewe kila siku saa saba, nani iko napika? Tembo?"

"Hilo halijathibitishwa," alisema Mudir, akijipangusa mchuzi wa karanga kidevuni.

Namutebi akanigeukia. "Na wewe, mama. Watoto yangu watakula ramani?"

Nikampa nakala moja. Ni haki ya kila mwananchi, hata mgeni.

Kesho yake saa saba ilipita bila chakula. Saa nane nayo. Saa tisa Mudir akapiga simu, akaweka spika.

"Chakula ilitoka mapema," alisema Namutebi. "Edrine wa boda alifuata ramani yenu. Ofisi hakuna. Iko tembo. Ameogopa, amerudi. Wateja wamekula."

Tukaikunjua ramani mezani. Kweli kabisa. Jengo letu wenyewe hatukuwahi kulipima, kwa sababu kupima kunahitaji kutoka nje.

"Mfute hapa ofisini tu," aliamuru Mudir.

"Kanuni uliyosaini inasema tembo ni mmoja," nilimkumbusha. "Akiondoka, anaondoka mzima, na tumbo lake."

Mudir akatazama kalenda. Ramani ilikuwa iende kwa waziri asubuhi.

"Tukimwacha, waziri atatuona tuko wapi?"

Nikainama, nikaangalia vizuri. Kazi ni kazi.

"Chini ya mkia, Mudir."

Akaomba kifutio. Leseni ya Namutebi aliisaini kwa mkono uleule, na kufikia saa kumi Edrine alikuwa ameiona ofisi.